Fundi Aliyepeleka Nyumba Kumi Kwenye Kompyuta

Kitendawili! Wewe unayesoma, itikia "tega", hata kimoyomoyo.

Mama ana watoto mia sita na arobaini, wote kawalaza chumba kimoja. Mmoja akiuliza, "Kijiko kiko wapi?" wenzake wote wanainuka, wanapekua, wanapiga kelele, na chungu kinaungua jikoni.

Umekwama? Haya, toa mji. Ila usitoe Dodoma, kwa sababu Dodoma ndiyo yenye kesi yenyewe.

Jibu ni mtandao wa kompyuta ambao haujagawanywa.

Saa mbili kasoro robo asubuhi, siku ya Alhamisi, mwanamke anayelijua jibu hilo kuliko wengi waliolisomea yuko juu ya ngazi ya mbao nyuma ya zahanati ya Ihumwa, mashariki ya jiji. Kaufunga mtandio wake kwa fundo kisogoni. Mdomoni kabana vipande vya plasta nyeupe, mkononi ana kalamu ya wino mzito. Upepo wa Dodoma, ule usiobisha hodi, unammwagia vumbi machoni. Hashuki. Anaandika jina kwenye plasta, anaizungushia waya, anausukuma waya pembeni, anashika mwingine.

Anaitwa Mwajabu Masudi. Ana miaka thelathini na tisa, na ni fundi wa nyaya za mtandao katika Shirika la Afya Mgunga, lenye zahanati na vituo vya afya arobaini na tatu vilivyotawanyika nyanda za kati, kuanzia Mpwapwa mpaka Manyoni, na kutoka Bahi mpaka Kondoa.

Simu inaita mfukoni. Anatema plasta kiganjani, anapokea.

"Mama Salwa, uko wapi?" Ni mkuu wake wa kazi, Mhandisi Ludovick, msimamizi wa mitambo ya kompyuta ya shirika zima.

"Niko Ihumwa, Mhandisi."

"Nani amekutuma Ihumwa?"

"Nyaya."

"Nilisema usiguse kitu mpaka kesho."

"Sijagusa. Nazipa majina tu. Mtoto hupewa jina kabla hajajua kutembea."

Upande wa pili simu inakatwa. Mwajabu anacheka peke yake, anarudisha plasta mdomoni.

Hiyo kesho ndiyo inayomweka roho juu, ingawa hataki ionekane. Ijumaa saa nne asubuhi anatakiwa mbele ya mkurugenzi, Dokta Raphael, makao makuu Ipagala. Barua aliyopewa wiki iliyopita ina mambo mawili. La kwanza, kazi aliyoifanya Kondoa ibomolewe, mtandao urudi kama ulivyokuwa. La pili, asaini kwamba alikosea. Asiposaini, ajira yake "itafikiriwa upya".

"Itafikiriwa upya," anarudia akishuka ngazi. "Kiswahili kizuri hicho. Maana yake funga virago."

Na je, atasaini?

Anaitazama mikono yake, yenye makovu madogo ya visu vya kumenyea nyaya. "Mkono huu ndio uliokaza skrubu zote zile. Leo nauambia nini? Uandike kwamba skrubu zilikuwa kosa?"

Ukitaka kulielewa kosa la Mwajabu, ziweke kompyuta kando kwanza, twende Kolo, kijiji cha milimani kaskazini ya Kondoa alikozaliwa.

Baba yake, marehemu mzee Masudi Khalidi, alikuwa balozi wa nyumba kumi. Mgeni akifika Kolo kumtafuta mtu, hakusimama katikati ya kijiji akapaza sauti, "Nani anamjua Abbasi?" Angechekwa. Alipelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti pengine hakumjua Abbasi kwa sura, lakini alijua kitongoji chake. Kitongojini akaelekezwa kwa balozi. Balozi ndiye aliyeujua mlango, na mbwa, na kama Abbasi mwenyewe yuko shamba au kaenda mnadani.

"Baba alisoma kwa shida," anasema Mwajabu. "Lakini nyumba zake kumi alizijua mpaka kuku. Ya kumi na moja ukimuuliza, anakwambia hiyo si yangu, nenda kwa fulani. Na hakuona aibu. Kazi ya balozi ni hiyo, ujue chako, na umjue anayekijua cha mwenzako."

Mtandao wa Mgunga haukuwa na balozi hata mmoja.

Haki lazima isemwe. Ludovick aliujenga miaka tisa iliyopita, kwa mikono yake, ulipokuwa na mashine thelathini tu, na kwa mashine thelathini ulikuwa mtandao mzuri. Watu thelathini wanaweza kukaa ukumbi mmoja wakasikilizana. Lakini shirika likaongeza kituo, na kingine, na kingine, na kila kipya kikaunganishwa kwenye ukumbi uleule. Zikafika mashine mia sita na arobaini. Kila mashine iliyomtafuta mwenzake iliuliza kwa sauti ya kusikika Manyoni na Mpwapwa kwa pamoja. Na majina yote, ya kila mashine ya kila kituo, yalitunzwa kwenye seva moja tu, Ipagala.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Katika zahanati ya Mondo, kompyuta ya mapokezi ilipotaka faili kutoka kompyuta ya chumba cha uzazi, hatua saba tu kwa miguu, ilibidi kwanza iulize Dodoma, zaidi ya kilomita mia na hamsini, "Samahani, chumba cha uzazi cha Mondo kiko wapi?"

Hatua saba, ruhusa Dodoma!

Juni mwaka jana, katika kituo kimojawapo, mhudumu wa usafi alikuta waya unaning'inia. Ncha moja ilikuwa ndani ya kisanduku cha kuunganishia nyaya, nyingine imelala sakafuni. Mtu aliyelelewa kufagia vizuri haachi kitu sakafuni. Aliiokota ile ncha akaichomeka kwenye tundu la jirani, kwenye kisanduku kilekile, akaendelea na ufagio wake. Hakuna aliyemlaumu, na hastahili lawama.

Lakini tangu dakika ile kila ujumbe uliopita pale ulitoka tundu hili ukaingia lile, ukarudi, ukazidi, kama mbwa anayefukuza mkia wake na kila mzunguko anazaa mbwa wengine. Kwa kuwa nyumba ni moja, kelele ya kituo kimoja ikajaa vyote. Vituo arobaini na tatu vikakaa kimya kwa muda wa saa sita.

Batuli, nesi mkunga wa Mondo, anaikumbuka siku hiyo. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuamsha kaya nzima.

"Nina mama, mimba ya tano, anatokwa damu," anasimulia. "Nataka kundi lake la damu niwaambie hospitali ya mjini waandae kabla hatujafika. Faili liko chumba cha pili. Kompyuta naiona kwa mlango, taa yake inawaka. Hii ya kwangu inaniambia subiri. Nisubiri nini? Nikamuuliza mama mwenyewe, hakumbuki. Mumewe, hakumbuki. Tukapakia gari, tukaondoka vivyo hivyo."

Yule mama alipona, na mtoto anatembea sasa. Lakini dakika arobaini za kupima damu upya, Batuli hajazisamehe. Aliporudi Mondo alimpigia simu mtu wa kwanza aliyemjua katika shirika anayeshika nyaya.

"Akanitukana mimi," anasema Mwajabu, akicheka. "Akaniambia, 'Nyie watu wa Dodoma mmetufunga kamba moja shingoni sote, punda mmoja akianguka tunaanguka wote.' Nilitaka kumjibu kwamba mimi si mtu wa Dodoma, mimi mtu wa Kolo. Halafu nikaona maneno yake ni kweli."

Mwajabu si mhandisi. Alimaliza kidato cha nne, akasoma ufundi umeme, akaajiriwa kuchimba mitaro na kupitisha nyaya. Mshahara wake ni laki nne na nusu kwa mwezi, na kwa huo anamsomesha binti yake Salwa na kumtunza mama yake. Mambo ya mitandao mikubwa aliyasoma kwenye kitabu kizito cha Kiingereza alichokikuta kimewekwa kuzuia mlango wa stoo. Alikibeba, akaweka jiwe mahali pake. Kukimaliza kulimchukua miezi kumi na moja, na kamusi pembeni.

"Sura ya tisa nikaona wameandika habari za baba yangu," anasema.

Sura ya tisa inaeleza jinsi mtandao mkubwa unavyokatwa vipande vinavyotawalika. Kila kipande kina mipaka yake na mkuu wake. Wataalamu huviita vikoa. Kikoa kidogo kimo ndani ya kikubwa, na kikubwa ndani ya kikubwa zaidi. Jambo la ndani linaishia ndani. Linalozidi linapelekwa ngazi ya juu, na ngazi ya juu haihitaji kuijua kila mashine, inatosha kujua ni mlango gani wa kupeleka swali. Na jina la mashine linabeba ukoo wake. Mapokezi wako arobaini na tatu, kama Mwajabu walivyo wengi. Lakini ukisema Mwajabu, wa Masudi, wa Kolo, kuna mmoja. Ukisema mapokezi, ya Mondo, ya Kondoa, ya Mgunga, hapo pia kuna moja tu.

Mwajabu alichora mpango nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, akaupeleka kwenye kikao cha mafundi. Walikuwa saba mezani. Yeye peke yake ndiye asiyekuwa na shahada.

"Mama Salwa," Ludovick alimwambia, na wenzake wakaanza kutabasamu kabla hajamaliza, "unataka kutuletea nyumba kumi kwenye kompyuta?"

"Ndiyo, Mhandisi."

"Na mwenyekiti wa kitongoji?"

"Na yeye."

"Na mgambo je?"

Wakacheka. Mwajabu akangoja wamalize, kama anayengoja mvua ipungue barazani. Kisha akasema, "Mgambo tayari tunaye. Ndiye wewe. Unakimbia vituo arobaini na tatu peke yako, simu haikai mfukoni. Mimi nakutafutia mabalozi."

Kicheko kikakatika. Mpango nao ukawekwa kabatini.

Ludovick mwenyewe, akiulizwa, hafichi sababu yake. "Hizi ni siri za wagonjwa," anasema. "Ukiweka wakuu wengi, kila mmoja ana ufunguo wake. Nikishika mimi, najua nani kaingia na nani katoka. Sikatai kwamba nachoka. Lakini bora kuchoka kuliko kugawa funguo kama pipi." Si neno la kupuuzwa hilo, na Mwajabu hakulipuuza. Kwenye mpango wake, ufunguo wa kituo unafungua kituo hicho tu.

Aliandika barua tatu kuomba ruhusa. Hazikujibiwa. Ya nne akaipeleka kwa mganga msimamizi wa kanda ya Kondoa, aliyekuwa amechoka kusubiri mashine kuliko alivyochoka na wagonjwa. Akasaini siku hiyohiyo.

Visanduku Mwajabu alivitoa stoo, vile vilivyoandikwa "chakavu" kwa sababu rangi imebabuka. Siku kumi na mbili akazunguka vituo tisa, mara kwa gari la dawa, mara kwa pikipiki, ngazi kaifunga mgongoni mwa dereva. Kila kituo kikapata balozi wake, kisanduku kinachojua mashine za hapo na kutunza majina yake. Kondoa mjini akaweka balozi mkubwa wa kanda.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lake analitaja mwenyewe kabla hujamuuliza.

Aligawa kwa ramani ya serikali. Mondo iko Wilaya ya Chemba, basi Mondo akaiweka kwenye kundi la Chemba, ambalo bado lilikuwa linapitia Dodoma. Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini mawimbi ya Mondo yanatoka mnara wa kilima cha Kondoa, uleule wa vituo vya Kondoa. Kwa hiyo salamu ya Mondo kwenda Kondoa, majirani wa kuazimana chumvi, ikawa inapanda kilimani Kondoa, inashuka Dodoma, inabisha, inarudi Kondoa. Wakati vituo vingine vya jirani vinafurahia, Mondo ikawa mbaya kuliko mwanzo.

Batuli akapiga simu.

"Dada Mwajabu, umetuweka wapi?"

"Chemba, mwenzangu. Si ndiyo wilaya yenu?"

"Chemba ni siku ya kura. Sokoni tunakwenda Kondoa, wagonjwa tunapeleka Kondoa, na mlingoti ule unaotupa mawimbi naouona kwa dirisha uko Kondoa. Nani kakwambia mawimbi yanapiga kura?"

Mwajabu aliketi chini, pale alipokuwa. "Nilisahau alichofanya baba," anasema. "Nyumba zake kumi hazikupimwa kwa kamba. Zilikuwa zile anazoweza kufika kwa miguu kabla uji haujapoa. Mimi mtoto wake nikaenda kugawa kwa karatasi."

Kesho yake akapanda pikipiki hadi Mondo, akaihamishia Kondoa. Na kwa kuwa Batuli ndiye aliyeliona kosa, akamwachia kisanduku cha pili, cha makamu. Siku balozi mkubwa wa Kondoa akilala, Mondo ikaimu. Alimfundisha kwa siku mbili, kati ya mgonjwa na mgonjwa, kwa michoro ya chaki ukutani.

Agosti mwaka huu, mtambo wa kuchonga barabara ulikata kebo kubwa inayoingia Ipagala. Siku mbili, vituo thelathini na vinne vilirudi kwenye daftari na foleni za mpaka getini. Vituo tisa vya Kondoa viliendelea kutibu. Kolo iliona faili za Pahi, Bereko ikaandikiana na Mondo. Walichokosa ni Dodoma tu, na wakati huo hakuna mgonjwa aliyeihitaji Dodoma.

Ungedhani Mwajabu alipewa mkono wa pongezi. Alipewa barua. Ilisema ameanzisha "mamlaka ndani ya mamlaka", na ikaeleza kosa la Mondo kwa kirefu, aya nzima, kama ushahidi kwamba kazi ilifanywa na asiyejua.

Jioni ya Alhamisi, jua likiwa bado juu ya mapaa ya Nzuguni anakoishi Mwajabu, mama yake, Bi Adija, anasonga ugali wa uwele na kuupulizia mlenda moto. Ana miaka sabini na minne na ulimi wake haujazeeka.

"Kesho utasaini?" anamuuliza bintiye bila kugeuka.

"Hapana, mama."

"Ukifukuzwa, nyumba hii ina jembe moja tu, na hilo langu."

"Nitaazima."

"Siazimishi." Bi Adija anapakua. "Baba yako waliwahi kumtaka aache ubalozi, eti awekwe kijana anayejua kuandika. Akawaambia, sawa, mwandikeni huyo kijana, halafu muulizeni nyumba ya Mwanaidi ina wagonjwa wangapi. Kijana akatoa kalamu. Baba yako akatoa jibu. Kula, mwanangu, kesho usiende kubishana na tumbo tupu."

Akila, Mwajabu anaeleza anachokitaka, kama atabaki. Baada ya Kondoa, Mpwapwa. Baada ya Mpwapwa, Manyoni, kisha Bahi, na mwisho jiji lenyewe, maana Ihumwa na Nzuguni nazo zinastahili balozi wao. Na kila kanda awe na mtu mmoja, nesi au karani, anayejua kuwasha kisanduku cha makamu. "Wasiwe mafundi," anasema. "Wawe watu wasiohama. Fundi leo yupo, kesho kapata kazi kwingine."

Ijumaa. Saa nne kamili.

Ofisi ya Dokta Raphael ina meza ndefu, na kwenye ukuta wa nyuma kuna mlango wa kioo unaoingia chumba cha mitambo. Ludovick kavaa shati jeupe lililopigwa pasi kama la harusi. Mwajabu kavaa koti lake la kazi, kafunga mtandio wa kijani. Karatasi ya kusaini iko katikati, kalamu juu yake.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Keti, Mama Salwa. Umeleta jibu?"

Mwajabu anaisukuma karatasi nyuma kwa kidole kimoja, taratibu, mpaka inagusa mkono wa Ludovick. "Nimeleta karatasi yenu. Kalamu sijaitumia, wino wake wote upo."

Dokta Raphael anavua miwani, anaifuta, anaivaa. "Unajua maana ya hilo?"

"Najua. Kondoa sibomoi. Akitaka kubomoa mwingine, ngazi iko pale nje, naiacha. Ila atakayepanda awapigie kwanza manesi tisa, awaeleze anachokifanya na kwa nini. Mimi siwezi, ulimi utakataa."

Ludovick hajapandisha sauti, na labda hilo ndilo linaloumiza zaidi. "Dokta, Mama Salwa ni fundi hodari, sijakataa. Agosti ilikwenda vizuri kwa sababu yeye alikuwa Kondoa siku hizo, anakimbia kutoka kituo hadi kituo. Huo si mpango, huo ni mtu mmoja. Amenilaumu kwamba nimefanya kila kitu kinitegemee mimi. Na yeye je?" Anamgeukia. "Nakuuliza mbele ya mkurugenzi. Siku wewe hupo, mimi sipo, Dodoma imekatika, na balozi wako mkubwa wa Kondoa kazimika. Huko nani atajibu?"

Feni ya darini inazunguka. Dokta Raphael anamtazama Mwajabu, na Mwajabu anatazama kiganja chake.

"Mama Salwa," anasema mkurugenzi, "umeulizwa."

"Nimesikia."

"Basi jibu."

"Silijibu mimi." Anainua uso. "Nikilijibu mimi, Mhandisi kashinda. Lipelekeni kwa wenyewe."

Ludovick anacheka kidogo, cheko la mtu aliyeshangaa. "Tuwapelekee sasa hivi?"

"Kwani wana harusi? Sasa hivi."

Wanatoa simu zao, ya Ludovick na ya Mwajabu, wanaziweka juu ya meza, vioo chini. Dokta Raphael anaingia mwenyewe chumba cha mitambo. Ludovick anamwonyesha kwa kidole waya wa Kondoa, ule wa bluu, na mkurugenzi anauchomoa kwa vidole viwili kama anayeng'oa jino la mtoto. Taa ndogo ya kijani inakufa. Kisha anarudi mezani, anampigia kwa simu yake ya kawaida karani wa ofisi ya Kondoa mjini.

"Zima kisanduku kikubwa. Ndiyo, kile kilichoandikwa Balozi. Zima, toka nje ya chumba, na usimwambie mtu."

Wanakaa. Dakika moja. Ludovick anatazama saa ya ukutani. Mbili. Mwajabu midomo inamtembea bila sauti, huenda anasoma dua, huenda anahesabu hatua alizozichora kwa chaki kule Mondo. Dakika ya nne jasho linamteremka kando ya sikio na hajifuti. Tano.

"Inatosha," anasema Ludovick, kwa upole.

Dokta Raphael anabonyeza namba ya zahanati ya Mondo na kuiweka simu kwenye spika. Inaita. Inaita tena. Inaita mpaka Mwajabu anafumba macho. Halafu kuna mkwaruzo, kelele za watu wengi, mtoto analia mahali fulani, na kiti kinaburutwa.

"Haloo, Mondo?" anasema mkurugenzi. "Hapa ni Ipagala. Dodoma tumekatika. Na Kondoa mjini nako kumezimika. Nauliza, huko nani anajibu?"

"Najibu mimi, Batuli," inasema simu, kwa sauti ya kuamsha kaya nzima. "Kondoa imelala nimeiona, nimeshawasha cha makamu, na Kolo na Pahi wameniitikia, Bereko ndiyo anaingia sasa hivi. Wewe unataka faili la nani? Kama huna mgonjwa, baba, kata simu, mimi nina foleni."